Baba Masika, Waambie Ulikimbia

Mpendwa Baba Masika,

Simu yako anaishika kaka yako, na kila nikipiga naambiwa umepumzika. Basi naandika. Wakitaka kuisoma barua hii mbele ya ukoo wote huko kwenu Kenya, waisome. Sina siri. Nina hasira na wewe, tuanzie hapo.

Unakumbuka siku ile pale kliniki ya moyo, sista alipokuambia uanze kutembea? Ulimtazama kana kwamba amekutukana. Miaka yote ile umebeba saruji kiwandani Kasese, halafu mtu akufundishe kutembea! Akakuwekea mkono tumboni: "Vuta kwa pua, mzee, tumbo lipande. Toa kwa mdomo polepole, kama unapoza uji." Ukapuliza mpaka nikacheka, nawe ukacheka. Tangu miguu yako ianze kuvimba nilikuwa sijayaona meno yako.

Akatupa kipimo: ukiweza kuongea huku unatembea, endelea, maneno yakikatika, simama. Wewe na mdomo wako huo! Tulikuwa tunatoka asubuhi kabla jua halijachoma, tunafuata barabara tambarare ya kwenda sokoni, nawe unanisimulia mambo ya kiwandani niliyokwisha kuyasikia. Mwanzoni ulikuwa unaishia kwa fundi baiskeli. Baadaye ukafika sokoni, ukanichagulia na maharage. Usiku ukaanza kulala kwa mito miwili badala ya kukesha umekaa. Hayo uliyaona mwenyewe, hukuhadithiwa.

Tatizo ni aibu zako. Mama Furaha, jirani yetu aliyetoka Kongo, alitukuta njiani akapiga kelele: "Mama Masika, ule mutu iko mugonjwa, unamutembeza ya nini?" Hapo ndipo ulipoanza mchezo wako. Huku kwetu mgonjwa akitembelewa akutwe kitandani, la sivyo watasema ugonjwa wenyewe ni wa uongo. Basi ukisikia hodi tu, mbio chumbani, unajitupa chali bila mto. Chali! Na sista alishakukataza, maana ukilala hivyo pumzi inakukwama. Wanakanisa wanaingia, wanakukuta unahema, wanatikisa vichwa, wanaanza kuomba. Nikakuambia aibu hii itakuponza. Ukanijibu, "Watu wametoka mbali, wanikute nimesimama kama askari?"

Haya, imekuponza. Ndugu zako walipofika ulikuwa uani, unafanya zoezi lako la kukaa na kusimama, na ulikuwa mzima kabisa. Ukasikia sauti zao, ukakimbia. Wakakukuta chali, midomo imekauka, jina la kaka yako limekushinda kulitaja. Akanigeukia: "Shemeji, hayo mazoezi yenu yanamuua. Tunaenda naye nyumbani apumzike."

Nikakutazama. Nikangoja useme neno moja tu, kwamba ulikuwa umetoka kukimbia. Pumzi ikakurudia, Baba Masika, niliiona ikirudi. Ukageukia ukuta. Wakakuinua mpaka kwenye gari, mimi nikabaki mlangoni, muuaji wa mume wangu. Hilo limeniuma kuliko maneno yote ya kaka yako.

Sasa mwanetu Masika ananiambia alipiga jana wakakupa simu, ukashindwa hata kumaliza salamu. Kwamba uvimbe umepanda mpaka magotini. Kwamba mashemeji zangu wanakuletea hata maji ya kunawa pale kitini, hawataki uguse chini. Wanakupenda, najua. Lakini jamani, ni upendo gani huu wa kumwacha mtu aozee kwenye kiti? Kila nikipita ile barabara nakutukana moyoni, kisha machozi yananitoka njiani mbele za watu. Hata zile hadithi zako za kiwandani nazitamani, mkaidi wewe.

Sikiliza. Mwambie kaka yako akupeleke hospitali leo kwa ajili ya huo uvimbe. Usianze mazoezi yoyote kabla hawajakupima. Halafu mwambie ukweli wa siku ile, kwa kinywa chako mwenyewe. Nimeshachoka kukusemea.

Ijumaa napanda basi. Nikifika nitasimama nje, na sitaingia hata wanikaribishe vipi, mpaka wewe mwenyewe uje kunifungulia mlango. Njoo polepole, pumzika njiani ukichoka. Nitangoja.

Ni mimi mkeo, ninayekataa kukuzika ungali hai,

Mama Masika
Bwera