Usingoje Ardhi Itulie

Kisiwani, kusini mwa Japani

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mimi afya ninayo. Kilichoniishia ni uvumilivu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikigusia safari ya mwanangu Naserian kuja huku unampa Baba simu, naye ananiuliza hali ya hewa. Barua hii anakuletea Eliamani wa Kikatiti, tunayefanya naye usafi hapa hotelini. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Ni kweli, ardhi inatikisika. Tangu mwezi uliopita ni vitetemeko vidogo vidogo, vinakuja kwa makundi: vikombe vinagongana, taa inayumba, kimya, halafu tena kabla hujamaliza kutandika kitanda. Wataalamu wanaeleza kwenye televisheni kwamba sakafu ya bahari inajisukuma chini ya visiwa hivi, na huko chini ndiko unakotoka moto wa milima yao. Ukiwauliza vitaisha lini, wanainama kwa heshima na kusema hawajui. Nimeichoka heshima yao.

Siku ya kwanza nilifanya kama bibi alivyotufundisha mlima wetu wa moto, Lengai, ulipotutikisa: nilikimbia nje, nikang'oa nyasi, nikaziinua mkononi kuomba amani. Kumbe nyasi zile mtunza bustani amezilea miaka, anazikata kwa mkasi. Msimamizi alinipigisha magoti nizipandikize upya huku ardhi bado inacheza, akanifokea kwamba hapa mtu anaingia chini ya meza, hakimbilii nje kuangukiwa na vigae. Eliamani alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nasikia mdogo wangu Saitoti amewaonyesha video ya mlima unaotema moto, nanyi mmekaa kikao na kuamua mtoto haendi popote mpaka ardhi itulie. Video ile si ya huku. Mwambie aache kuokota vitu mtandaoni na kuwatisha watu wazima.

Nimeudhika, Yeyo, sifichi. Hati za mtoto zimekamilika, shule imempokea, Eliamani amekubali kurudi naye akimaliza likizo. Nanyi wenyewe mnalala chini ya Mlima Meru. Wakati ule wa Lengai tulilala nje karibu na zizi, na asubuhi ukakamua kama kawaida. Hakuna mtoto wako uliyempeleka kwa watu kwa kuogopa.

Jumapili nilipopiga ulikuwa ibadani, akapokea Naserian mwenyewe. Nilifurahi. Nikamwuliza, "Unajua unaongea na nani?"

Akasema, "Shikamoo shangazi. Mama ameenda kanisani."

Mama ni wewe. Nilimuaga bila kumsahihisha. Nililia mpaka wenzangu wakaja kuuliza kama nimeangukiwa na kitu.

Simlaumu, alikuwa bado ananyonya nilipoondoka, na umemlea vizuri. Lakini ardhi hii inaweza kutulia wiki ijayo, inaweza isitulie mpaka awe mwali. Nikingoja, atakayefika hapa atakuwa mgeni wangu tu. Eliamani atapita tena hapo nyumbani Oldonyo Sambu kabla ya kurudi huku. Mfungie mtoto nguo zake, umkabidhi aje naye.

Baba mwambie huku ni baridi. Msalimie Saitoti na ubishi wake, na Mama Mkubwa, dada yako wa kwaya, asiache kutuombea.

Binti yako,
Mama Naserian