Bega Langu na Ile "Si Haba" Yetu

Kwako dada Solveig,

Natumai baridi ya Duluth haijakuonea na magoti bado yanakubeba. Sisi huku tu wazima, ila hasira zimenifika kooni, na leo nakutapikia wewe.

Mkono wangu wa kushoto haupandi tangu Oktoba, tangu ile chanjo ya mafua kwenye duka la dawa. Mfamasia alisimama, mimi nimekaa. Badala ya kuvua sweta nikavuta ukosi tu, eti nisiwacheleweshe walio nyuma yangu. Akadunga juu kabisa, penye mfupa. Sasa masufuria ya jikoni shuleni yananishinda, na mkuu amesema nisipopona kufikia Machi ataajiri mwingine. Ndipo nikadai fidia kwa serikali, maana ndiyo inayowalipa walioumizwa na chanjo.

Juzi mwanasheria wangu, Bi. Pruitt, akaniita. Kumbe serikali inakataa. Sheria inataka maumivu yawe yameanza ndani ya siku mbili, na siku ya tatu nilikwenda kwa daktari kupima presha, naye akaandika kuwa sina malalamiko. Nikamwambia Bi. Pruitt kwamba daktari aliniuliza hali nikajibu si haba, sasa alitaka nijibuje? Akauliza bega lilikuwaje siku hiyo. Nikasema hata sidiria nilishindwa kufunga. Akanitazama kama mwehu.

Mwanasheria wa serikali naye kaandika kwamba mtu akiumwa husema. Huyo hajakaa meza moja na watu wetu. Baba alikatwa kidole na mashine ya mahindi, akasema kajikwaruza kidogo. Naona kinyaa, dada. Kinyaa kwao na makaratasi yao, na kinyaa kwangu zaidi.

Maana Bi. Pruitt aliuliza kama kuna niliyemwambia ndani ya siku zile mbili. Nikasema nilimwambia dada yangu kwa simu, kesho yake. Nikaapa, nikatia saini. Nawe wajua ulipopiga nilikujibu sindano si haba, tukaongea habari za mbwa wako. Nilikuwa nimekaa sakafuni, na kila ulipokuwa unaongea nilikuwa nauma taulo.

Wanasheria watakupigia Jumatatu. Waambie kweli, kwamba sikukwambia kitu. Kiapo nitakwenda kukifuta mwenyewe, na kazi ikienda iende. Ila wewe nataka ujue, ingawa nimechelewa: inauma, dada. Inauma mno.

Msalimie shemeji Gordon, na ujifunike vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Ardis