Udi Wangu wa Harusi na Sikio la Salma

Jumatatu, Mabela. Jua limeshazama lakini kuta bado za moto. Kiyoyozi kinanguruma, na mimi bado nawaka.

Shajara yangu, hii ni wiki ya sita ya ndoa. Mpaka jana nilikuwa nakusimulia jinsi Nasri anavyonitolea kokwa kwenye tende kabla hajanilisha, na jinsi ninavyolitambua gari lake kabla halijakata kona. Leo nimemkasirikia. Na bado nampenda, jambo linalonizidishia hasira.

Salma ni binti wa wifi yangu Zuwena, dada yake Nasri. Ana miaka saba, ana usonji, hasemi. Wiki mbili amekuwa akijipiga sikio la kushoto na kukataa chakula. Nasri alikuwa kazini Al Khuwair, basi asubuhi nikawapeleka mimi hospitali.

Daktari hakumgusa. Salma alipiga kelele, akajikunja chini ya kiti. Daktari akasema huku anaandika, "Watoto wa usonji ndivyo walivyo. Mrudisheni akitulia."

Ndivyo walivyo.

Nikataka kumjibu, Zuwena akanivuta mkono. Amechoka kugombana na madaktari. Tulipofika mlangoni, muuguzi mmoja, dada wa Kikenya, akatufuata. Akachuchumaa mbali kidogo na Salma, kisha akaniangalia mimi.

"Madam, pole, lakini hiyo harufu ni yako ama ni ya mtoto?"

Ilikuwa yetu sote. Kwetu hutoki mbele za watu hujajifukiza. Asubuhi nilichukua udi wangu wa harusi, ule wa thamani, nikamfukiza Salma nguo na nywele, nikampaka na mafuta ya udi nyuma ya masikio. Nilitaka anukie kama bibi harusi. Alianza kulia pale pale, kwenye moshi wa chetezo. Nilidhani anaogopa hospitali. Nikamwimbia, nikaendelea.

Muuguzi alimfuta kwa maji, akambadilisha nguo, akamweka na mama yake kwenye chumba kitupu na kuzima taa; mimi na harufu yangu nikangoja nje. Baada ya nusu saa Salma aliacha kutetemeka, na daktari mwingine akaweza kumtazama. Sikio lilikuwa limejaa usaha.

Wiki mbili, na hana neno la kutuambia.

Nikamuuliza muuguzi haya alijifunzia wapi. "Kwa kukosea tu," akasema. "Kuna daktari wetu aliomba kampuni moja pesa afanye utafiti, aulize wazazi ni nini kinawasumbua hawa watoto wakija kutibiwa, ndio sote tujue. Kampuni ikamwambia angoje."

Akaitaja kampuni. Ni anakofanya kazi mume wangu. Maombi ya misaada yanapitia mezani kwake.

Nasri aliporudi sikumpokea mlangoni. Nilimweleza yote nimesimama. Akakaa kwenye kochi na viatu vyake.

"Nnayakumbuka maombi hayo, roho yangu. Niliyaweka chini kabisa. Wenzangu walitaka kitu cha kupiga picha. Tukanunua mabaluni, tukawapa watoto zawadi."

"Na Salma alipata baluni?"

"Alipata." Akainamisha kichwa. "Lilipasuka, akalia siku nzima."

Akasema kikao ni Alhamisi, anaweza kuyarudisha juu, ila wataona analeta mambo ya familia kazini.

"Waambie ndiyo, ni mambo ya familia," nikamjibu. "Waambie una mpwa, na mkeo ndiye aliyemfukiza."

Alivua viatu, akampigia Zuwena kumuulizia Salma, kisha akafungua kompyuta yake ya kazini. Sasa hivi yuko chumba cha pili, anayasoma yale maombi, na safari hii anasoma mpaka mwisho. Sijampelekea chai. Nitampelekea akimaliza.

Chetezo nimekipandisha juu ya kabati. Asubuhi nitaoga kwa maji matupu, nivae kanga iliyofuliwa bila marashi, niende kwa Zuwena nikakae sakafuni, mbali kidogo.

Sijui kama Salma atanisogelea.