Aliyemuuliza Watiri Amekula Nini

Mukurwe-ini
12 Mei 2025

Wangechi mwanangu,

Habari za Nanyuki? Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu na mvua ambayo imekataa kuisha. Ng'ombe amezaa ndama jike. Natumaini huko hotelini hawakufulishi mashuka hata Jumapili.

Nakuandikia kwa sababu masikio yangu hayashiki simu tena, na ujumbe ukiingia kwa kasimu kangu, Watiri ndiye hunisomea. Haya si ya kusomwa na mtoto wa miaka kumi.

Mwalimu Gichovi wa darasa lake aliniita shuleni Alhamisi. Ile simu kubwa uliyomnunulia Watiri ya kazi za shule, amekuwa akiandikiana nayo na mtu tangu Februari. Mtu huyo alijiita Kinya, msichana wa miaka kumi na mmoja, wa Chuka. Walikutana kwenye mchezo wa kulisha paka. Kwanza ilikuwa ni paka tu. Halafu Kinya akaomba picha ya Watiri na yunifomu. Halafu akauliza hutokea geti gani, na nani humpeleka nyumbani. Wiki iliyopita aliomba picha za aina ambayo siwezi kuiandika, ati ni siri ya marafiki. Watiri akakataa. Ndipo ikaja sauti ya mwanamume mzima, ikimtisha.

Mtoto alilia darasani mpaka mwalimu akamtoa nje na kumwambia, "Hakuna mtu atakuchapa. Niambie tu." Akasema yote.

Nilitaka kuyafuta yale maneno. Mwalimu akanishika mkono kama mjukuu: "Shosho, usifute. Polisi watataka kuona." Tumeandikisha kwa polisi, na simu iko kwao.

Ni mimi mamako.


Nanyuki
19 Mei 2025

Mama,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima.

Nilikuachia mtoto umwangalie. Februari mpaka Mei! Nyumba ni ya vyumba viwili, ulikuwa wapi? Na hiyo shule, si ndiyo ilituambia kazi zote siku hizi zinataka simu? Walimu wanajua kuagiza, kulinda hawajui.

Mwambie Watiri hatashika simu tena mpaka amalize sekondari. Siwezi kuandika zaidi.

Wangechi, mwanao.


Mukurwe-ini
24 Juni 2025

Wangechi mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua imeisha, sasa ni baridi. Magoti ni yale yale. Natumaini wewe u mzima.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya Biblia. Ndiyo sababu zimepita wiki tano.

Uliuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapo hapo, namenya viazi, mtoto akicheka peke yake na simu, nami nikifurahi kwamba leo anacheka. Hakuna aliyeniambia kuwa mtu anaweza kuingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Shule iliita wazazi. Tulifika kumi na mmoja. Mwalimu mkuu alisimama akasema hata wao wamekosa: Watiri aliposhinda kukariri shairi, waliweka picha yake kwenye ukurasa wa shule, jina lake lote na beji ikionekana. Huyo mtu alianzia hapo, ndipo akamtafuta kwenye mchezo wa paka. Wameiondoa. Sasa hakuna picha bila mzazi kukubali, wala jina la mtoto. Kazi za simu zinafanyiwa shuleni, mwalimu akiwa hapo. Mwalimu Gichovi anawafundisha watoto kwamba mtu akikwambia usimwambie yeyote, hapo hapo ndipo pa kusema. Nasi wazee tulifundishwa kufungua michezo ya watoto tuone nani anaweza kuwaandikia. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko wote, na nilijua kidogo kuliko wote, lakini nilikaa mpaka mwisho.

Sasa jambo gumu. Nilimuuliza Watiri kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Shosho, ungechukua simu. Na Kinya ndiye alikuwa ananiuliza nimekula nini."

"Si mimi ndiye nakupikia?"

"Wewe unajua nimekula nini. Huulizi. Na mama huuliza tu kama nimemaliza homuwaki."

Anajua yule ni mwanamume. Anajua ni mbaya, akisikia pikipiki inapunguza mwendo anaruka. Na bado anamlilia yule msichana ambaye hakuwahi kuwako.

Ni mimi mamako.


Nanyuki
3 Julai 2025

Mama mpendwa,

Salamu kwako, kwa Watiri, na kwa ndama. Mimi ni mzima wa mwili.

Nisamehe. Nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye simwoni, nikakupiga wewe uliye karibu.

Nimesoma barua yako nikiwa chumba cha pasi, nikakumbuka. Mtandao ulikuwa ukishika mara moja moja, na nikifungua simu nakuta Watiri ameniandikia mara saba. Meno, paka, mwalimu, mvua. Nami namtumia kidole gumba kimoja kwa yote, narudi kwa mashuka. Nilidhani nikimnunulia simu nitakuwa nimebaki naye.

Kuna kilima nyuma ya hoteli ambapo mtandao unashika vizuri. Kila Jumapili saa nane nitapanda nimpigie kwa kasimu kako. Mwambie angoje.

Mwanao, Wangechi.


Mukurwe-ini
21 Julai 2025

Wangechi mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Ukungu hautoki siku hizi hata saa sita.

Jumapili ya kwanza Watiri aliongea nawe dakika kumi na moja, akazunguka nyumba akiimba. Ya pili simu ilikatika mapema, akasema utapiga tena. Jana hukupiga. Alikaa na kasimu mapajani tangu tulipotoka kanisani mpaka saa ya kukamua. Nikamwambia ni mtandao. Akanijibu, "Ni sawa, Shosho. Nimezoea." Heri angelia.

Polisi wanasema laini aliyotumia yule mtu iliandikishwa kwa jina la mama aliyekufa zamani. Mtu mwenyewe hawajampata. Wazazi tunashika zamu getini, mimi ni Jumatano na kiti changu. Lakini nikikaa pale nafikiria, Wangechi. Yule mtu hakupitia getini. Alipitia mahali pako, pakiwa wazi.

Sikuandikii hivi kwa kukulaumu. Nimezeeka na nyumba ni kimya, na mtoto ameanza kunyamaza kama mimi.

Mamako.


Nanyuki
29 Julai 2025

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Imetangulia na Dedan, dereva wa hoteli, anayeshuka Nyeri leo.

Jumapili ile wageni walijaa, nikanyimwa ruhusa. Nilifua nikitazama kile kilima dirishani mpaka jua likatua. Kesho yake niliaga kazi. Beth, tuliyekuwa tukifua naye hapa, ana duka lake la udobi Karatina, na amesema nianze naye. Si kama hapa, lakini jioni nitakuwa nalala nyumbani.

Nilitaka kuja bila kusema. Shule inafunga Ijumaa, nikasema nitasimama getini, nimwone akishtuka kwa furaha. Halafu nikajiona: mtu mzima anamvizia mtoto getini. Hapana. Asishtukizwe tena na mtu yeyote, hata mimi.

Kwa hiyo mwambie. Nitafika getini Ijumaa saa sita, kwa mguu kutoka stendi, nawe uje na kiti chako ingawa si Jumatano. Nitavaa sweta ya kijani na kitambaa cheupe. Mwambie akitaka kukimbia akimbie, asipotaka, abaki kando yako kwenye kiti. Na akiwa na shaka kama ni mimi kweli, aniulize jambo ambalo mama yake pekee anaweza kulijua.

Nimekuwa nikilitafuta jambo hilo tangu asubuhi, Mama. Bado sijalipata. Lakini nakuja.

Wangechi, mama Watiri.