KIKAO CHA TISA: BARUA YA HAKIMILIKI NA KIVULI KILICHOBAKI

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14, saa nane mchana
Mahali: Chumba cha nyuma, duka la ushonaji la Mwenyekiti
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mshonaji), Kinyozi (mtunga programu), Binamu yangu (mchoraji), Katibu (mimi)
Hakuwepo kwa taarifa: Muuguzi (mtunga muziki), yuko zamu

KUMB. NA. 1/9: JAMBO AMBALO HALIKUSEMWA KIKAONI
Katibu anaandika hapa jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote. Ni mimi niliyeiandikia kampuni. Miezi miwili iliyopita, kwa Kiingereza cha shuleni, kamusi pembeni, niliwaeleza kwamba tunaupenda mchezo wao wa zamani wa kompyuta, tumeutengenezea mwendelezo kwa miaka mitatu, hatuuuzi, na tunaomba ruhusa. Nyumbani nimefundishwa kwamba huingii kwa watu bila hodi. Sikujua kuna nyumba ukipiga hodi wanakufungulia mbwa. Na leo nilipowatafsiria wajumbe barua ya majibu, niliruka mstari wa kwanza. Unasema: Asante kwa kutuandikia.

KUMB. NA. 2/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika ishirini, baada ya mteja kuridhika na suruali yake. Aliagiza pasi isiwashwe, maana ikiwaka kompyuta zote huzimika.

KUMB. NA. 3/9: BARUA YA KAMPUNI
Katibu alisoma. Kampuni imeagiza jina la mchezo na shujaa wake viondolewe ndani ya siku saba, la sivyo kazi yote ifutwe. Ukurasa ambao watu walikuwa wakipakulia mchezo umeshafungwa. Katibu aliombwa arudie mara mbili, sauti haikusikika.

Kinyozi alisema miaka yote hiyo kampuni haikujua kama tupo, kwa hiyo kuna mtu kasema. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akimtazama Binamu.

Binamu alijibu kwamba domo lake ni la kusifia michoro yake tu. "Wewe ndiye unayemsimulia kila kichwa kinachokaa kwenye kiti chako."

Mwenyekiti alisema, "Nguo za humu nimeshona mimi. Hazina chawa. Tuendelee."

Katibu aliendelea kuandika bila kuinua uso.

KUMB. NA. 4/9: KUMTOA SHUJAA
Mwenyekiti alieleza kwamba kitambaa cha mwenyewe hurudishwa hata kama umekipenda, unabaki na ufundi wako. Kinyozi alifuta picha za shujaa moja moja, akisonya. Mchezo ulipowashwa shujaa hakuwepo, lakini kivuli chake kilikuwepo, kwa kuwa kivuli alikichora Binamu. Kilitembea peke yake sokoni, kikapanda ngazi, kikafungua mlango. Mbwa wa getini akakibwekea. Muuza duka akakiuliza kinataka saizi gani.

Mwenyekiti alicheka hadi akashikilia cherehani. Kinyozi alisema, "Mpisheni jamani, naye ni mtu." Kikao kilisimama dakika arobaini, wajumbe wakipokezana kucheza. Kinyozi na Binamu waligombania kibodi kama watoto wa tumbo moja.

KUMB. NA. 5/9: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba shujaa arudi kwao kwa heshima, na mchezo sasa uwe wa kivuli kinachomtafuta mwenyewe. Kinyozi alipinga, kisha akadai wazo lilikuwa lake. Imeandikwa hivyo kwa amri yake. Muuguzi alipigiwa simu, akaimba palepale wimbo wa kivuli. Mgonjwa mmoja alisikika akiomba arudie.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo. Katibu alibaki kunakili, akiwa ameifunika KUMB. NA. 1 kwa kipande cha kitambaa cha bitana, akikusudia kuichana kabla ya sahihi. Sasa ndala za Mwenyekiti zinakuja mlangoni. Nimeitoa bitana.

Sahihi: Katibu
Sahihi: Mwenyekiti

Kwa mwandiko wa Mwenyekiti: Nimesoma, mwanangu. KUMB. NA. 1 ibaki. Jumamosi utaisoma mwenyewe mbele ya wote, nami nitakaa ubavuni kwako. Kinyozi tutamweka mbali na mikasi.