Mbwa Anamchangamkia Mwenye Pikipiki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana Jumamosi nimewaita wazazi wa mke wangu waje wamchukue binti yao, na kabla hawajafika nataka mtu mwenye akili aniambie kama nimekosea, ingawa sidhani. Mimi ni fundi wa kufuli, mke wangu anashona sare za shule hapo hapo nyumbani, na tuna mbwa mkali ambaye hata mama mkwe humbwekea bila adabu, sasa wiki iliyopita nilirudi mapema, nikiwa sebuleni pikipiki ikasikika kule kona, haijafika hata getini, mbwa huyo akaruka, mkia unapepea, mate yanamdondoka, anakwaruza geti kama anampokea baba yake! Nikajiuliza, huyu mtu amekuja mara ngapi nisipokuwepo mpaka mbwa anamjua kwa mlio? Mke anasema ni mtu wa kuchukua sare, eti pia hubeba nyama ya bucha moja na humtupia mbwa vipande, lakini mbona hakuniambia mapema? Zamani alikuwa ananiambia kila kitu, nani kapita, nani kacheka naye, na mimi namhoji vizuri tu mpaka kieleweke, ikibidi nanuna siku kadhaa ili ajifunze. Siku hizi nikimuuliza anajibu "sijui" na kuinamia cherehani mpaka nachoka naondoka. Simu yake naipekua kila akienda kuoga, mara nyingi sipati kitu, lakini mara moja moja nakuta "asante dada" ya mwanaume na moyo unapasuka. Hata mbwa nadhani wamemnunua, maana nikifika mimi, funguo zikilia tu, anajificha chini ya tangi la maji. Mshauri, mbwa hasemi uongo. Na tafadhali usimtetee kwa sababu ni mwanamke mwenzako.

Mwenye Mbwa

*

Mwenye Mbwa,

Pole kaka, wivu unamla mtu akiwa hai. Ila umemfanya mbwa shahidi, halafu ukasikiliza nusu ya ushahidi wake.

Mlio wa pikipiki peke yake haukuwa na maana kwa mbwa. Ukaja na nyama, ukaja tena na nyama, sasa mlio wenyewe unamtoa mate. Wataalamu wa tabia wanauita kichocheo kilichofunzwa. Mbwa anasema "nyama inakuja", basi. Kama mkeo ana lake, mimi sijui, na mbwa naye hajui.

Sasa mbona hukuniuliza kuhusu tangi? Funguo zako nazo ni mlio. Zimeambatana na nini hata mbwa akimbie? Hapo ndipo ninapokushuku wewe.

Mkeo alikuwa anakueleza kila kitu, na kila alipokueleza ulimhoji na kununa. Hiyo ndiyo adhabu: jambo linalofuata tendo na kulipunguza. Ulidhani unaadhibu uongo, kumbe uliuadhibu ukweli, maana ndio uliokuwa unamtoka mdomoni. Ukweli ukakoma. Akisema "sijui" unachoka, unaondoka, naye anapumua. Huo ni uimarishaji hasi. Hasi hapo si ubaya. Ni kwamba kero imeondolewa, na tendo lililoiondoa linazidi kurudiwa. Ukimya unaouona kuwa ushahidi umeufundisha mwenyewe! Na wewe simu imekufundisha. Ingekuwa tupu siku zote ungeshaacha. Kinachokugandisha ni ile "asante dada" ya mara moja moja. Mcheza kamari naye huganda hivyo hivyo.

Fanya hivi. Leo hii wapigie wakwe, waambie Jumamosi wasije. Ukiona aibu, ni yako, imeze. Simu ya mkeo usiiguse tena. Hamu itapanda kwanza, itapanda sana, usiilishe, itafifia. Akikuambia jambo, hata likimhusu mwenye pikipiki, sema "asante kwa kuniambia", kisha funga mdomo na uso usiukunje. Ataanza na vidogo, anakupima. Ana haki.

Na jioni ukirudi, uwe na kipande cha nyama. Tikisa funguo getini, kirushe karibu na tangi, pita zako, usimwite. Wala usinijibu kesho. Niandikie kuhusu mke wako siku mbwa atakapotoka mwenyewe kukupokea.