Ukurasa wa Shayiri

Jumatatu, 4 Agosti

Basi la kutoka Liverpool, hii ya Sydney, limechelewa tena. Nimefika Smithfield saa mbili na robo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Agosti ya huku. Mzee Samuel alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja. Nimemwogesha. Uji, vidonge. Kisha kazi yetu ya pili, makaratasi. Macho yake hayaoni tena maandishi. Mimi nasoma, yeye anasema kipi kiandikwe, nami nachapa kwenye kompyuta ya Heather, bintiye. Tarehe 23 anatimiza miaka tisini. Ukoo mzima utakuja, na kila mmoja atapewa kijitabu cha historia yao.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo tumefika kwenye asili yao. Ni Waskoti, lakini si wa Skotlandi. Zamani, yapata miaka mia nne, mfalme aliwanyang'anya Waairishi ardhi yao ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, akawagawia watu kutoka Skotlandi na Uingereza. Walowezi. Wakazaliana huko, na kanisa lao na Kiskoti chao, mpaka babu wa babu yake Mzee akapanda meli kuja Sydney. Mpango ule Waingereza wanauita "plantation", neno lile lile la shamba la mkonge.

Nilimwambia babu yangu aliletwa Tanga kutoka mbali, kibarua wa mkataba, manamba, kukata mkonge. Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi mimi na wewe tulipandwa."

Ana maneno ya bibi yake ambayo hata Heather hayajui. Mtu mkaidi anaitwa "thran". Anasema ndilo jina lake la pili.

Jumatatu, 11 Agosti

Chini kabisa ya sanduku la makaratasi kulikuwa na bahasha. Mwandiko wa bibi yake Mzee. Amenakili maneno ya mwanamke wa kwanza wa ukoo kufika Ulster, kama alivyoyapokea kwa wakubwa wake. Niliyapitia kwa macho kwanza.

Walikuwa wameahidiwa ardhi tupu. Wakakuta nyumba, jivu la jikoni bado lina moto. Wakakuta shayiri imeiva. Wakaivuna. Mwanamke wa Kiairishi alisimama ukingoni mwa shamba na watoto wawili, akiwatazama. Siku tatu. Siku ya nne hakuwepo.

Heather alikuwa nyuma yangu. Aliweka kiganja juu ya karatasi, akatikisa kichwa.

"Mbona umenyamaza?" Mzee akauliza.

Nikasema wino umefutika.

Nimemdanganya kipofu. Naona aibu.

Jumanne, 12 Agosti

Sina shifti. Nimefua. Maharage yameungua.

Alhamisi, 14 Agosti

Heather amenivuta jikoni. Hakuwa mkali. Alisema baba yake ana moyo mbovu, amebakiwa na siku chache za furaha, na ukurasa ule hautamfaa yeye wala wajukuu. "Wewe uko hapa kumtunza, Zuhura." Nikajibu ndiyo. Nafahamu hofu yake. Hata mimi baba yangu ningemkinga. Lakini bahasha ni ya Mzee, si yake wala si yangu.

Kazi hii naihitaji. Niandike hilo pia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempigia Mama. Nilimwuliza kuhusu shamba letu, lile Baba alilogawiwa biashara ya mkonge ilipokufa na kampuni ikaondoka. Nilitaka kujua waliambiwaje.

"Tuliambiwa ni pori, mwanangu."

"Na mlikuta nini?"

Akasema walikuta minazi minane pembeni, imepangwa mstari, inazaa. Walikula nazi zake miaka yote. Nimekulia chini ya minazi ile na sikuwahi kuuliza nani aliipanda. Mama naye hakuuliza. "Tulikuwa na njaa," akasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemsomea.

Heather alikuwa kazini Wetherill Park. Kwanza nilikiri kwamba wiki iliyopita nilidanganya, kisha nikasoma, polepole, neno kwa neno. Mzee hakusogea. Nilipomaliza aliniambia niirudishe bahasha na nitoke. Nilikaa ukumbini mpaka saa ya chakula. Hakula.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hakika nimemvunja mzee wa watu.

Jumatano, 20 Agosti

Ofisi yetu ya wahudumu imepiga. Mteja amelalamika, nisiende Smithfield mpaka watakaponiita. Nilijua. Bado imeniuma.

Ijumaa, 22 Agosti

Heather kanipigia mwenyewe. Sauti imechoka. Mzee amekataa kuogeshwa na mhudumu mpya, siku mbili sasa. Amemfanya Heather amsomee ukurasa ule mara nne. Anataka uwe wa kwanza kwenye kijitabu.

"Anakutaka kesho. Uje kama mgeni, si kikazi."

Nikamwuliza kama na yeye ananitaka. Akasema bado hajui. Nimelipenda jibu lile kuliko kama angesema ndiyo.

Jumamosi, 23 Agosti

Watu kama arobaini uani, wamejifunika makoti. Mzee alisimama akishika bega la Heather. Alikuwa ameukariri ukurasa wote. Alipofika kwa yule mwanamke na watoto wake, alitamka polepole, neno kwa neno, kama nilivyomsomea.

Mpwa wake mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alisema si haki. Watu wao walikuwa maskini, wenye ardhi wakubwa waliwapandishia kodi mpaka wakakimbilia huku ng'ambo.

"Kweli," Mzee akasema. "Na mwanamke yule naye ni kweli."

Kisha akasema babu wa babu yake alipofika huku kwa wenyeji wa Australia aliambiwa tena kwamba ardhi ni tupu, na akakubali tena. Akaketi.

Mpwa aliondoka kabla keki haijakatwa. Wengine walibaki. Binti mmoja mdogo wa ukoo alimwendea Mzee akamshika mkono. Mimi nilikula keki vipande viwili kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudishwa Smithfield. Heather ndiye aliyewapigia ofisi. Mzee kaogeshwa, kanywa uji wote, kalala tena juani kwenye kiti chake, mdomo wazi.

Vikombe vya sherehe vilikuwa bado vimejaa kwenye sinki. Heather anaosha, mimi nakausha. Baadaye akafunga bomba, akabaki anatazama maji yakiishia.

"Zile siku tatu," akasema. "Wale watoto walikula nini?"

Nikaweka kabatini kikombe nilichokausha.

Akanipa kikombe kingine.